Maswali ya Wasomaji: Chepesi, Chembamba au Laini?

Katika toleo lililopita tulisema kwa sentensi mbili tu kwamba kitu chepesi si lazima kiwe chembamba, tukaahidi kulirudia jambo hilo baadaye. Wasomaji hawakutusubiri. Barua zilizotufikia zimetoka kwa watu wanaoyatumia maneno haya kila siku kazini mwao, mmoja akiwa ameshika mkasi, mwingine mwiko, mwingine mizani ya kupimia watoto. Kwa sababu hiyo ukurasa wote wa leo tumeutenga kwa ajili ya maneno yanayoeleza vitu vyepesi, vyembamba na vile visivyotaka kushikwa kwa nguvu.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani. Nilimwandikia muuzaji wa jumla aniletee "kitambaa chembamba" cha kushonea mitandio. Akaniletea jora la kitambaa kizito lenye upana wa inchi 36, akasema kuwa hicho ndicho chembamba kuliko vyote alivyo navyo. Nimepoteza nauli na siku mbili za kazi. Kati yetu, ni nani aliyekosea Kiswahili? (Fundi, Tanga)

JIBU: Pole sana, fundi. Kwa haki ya lugha hakuna aliyekosea, na ndiyo maana hasara yako inastahili kuelezwa kwa kirefu. Neno -embamba lina vinyume viwili. Kinyume chake cha kwanza ni -nene, kama tunaposema kitabu chembamba na kitabu kinene. Kinyume cha pili ni -pana, kama tunaposema njia nyembamba na njia pana. Uzi au fimbo havileti utata wowote, kwa sababu uzi ukiwa mwembamba basi ni mwembamba pande zote. Utata unaanza kwenye vitu vya bapa, yaani kitambaa, ubao, mkeka na karatasi, ambavyo vina upana na pia vina unene, na neno moja linaweza kukusudia lolote kati ya hayo mawili. Wewe ulikuwa ukiufikiria unene wa kitambaa kinapokuwa katikati ya vidole vyako, naye muuzaji alikuwa akiufikiria upana wake juu ya meza ya kupimia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuutaja upana kwa jina lake na kwa kipimo chake: kitambaa chenye upana wa inchi 45, au cha inchi 60. Hapo neno chembamba litabaki na kazi moja tu, nayo ni kueleza unene. Ushauri wa pili ni kutolitegemea neno hilo peke yake, kwa sababu mteja anayetaka mtandio hajali sana unene. Anachojali ni kwamba ukikaa kichwani asiuhisi. Hilo ni suala la uzito, na neno lake ni -epesi. Wembamba na wepesi mara nyingi hufuatana, lakini haviwi kitu kimoja. Bati la kuezekea ni jembamba kuliko kidole cha mtoto, lakini hakuna anayelibeba akaliita jepesi. Mto uliojazwa usufi una unene wa shibiri nzima, na mtoto wa miaka mitatu anaukimbiza chumba kizima.

Kisha liko neno la tatu, laini, ambalo halihusu uzito wala unene bali linahusu mguso. Chandarua kipya ni chepesi, na nyuzi zake ni nyembamba sana, lakini kikikugusa shavuni usiku kinakwaruza, kwa hiyo si laini. Blanketi zuri ni laini, ingawa ni nene na ni zito. Ukimwandikia muuzaji wako "nataka kitambaa chepesi, laini, chenye upana wa inchi 45, kisichoonyesha", atakuwa hana pa kujificha. Hilo neno la mwisho usilisahau. Mafundi wote wanajua kwamba nguo ikiwa nyembamba kupita kiasi huonyesha, na ndiyo maana tunaitia bitana.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na njia fupi zaidi kuliko hii yangu, kwani hawakukieleza kitambaa bali walikiita kwa jina lake, na jina lilibeba uzito, unene na ulaini kwa pamoja. Melimeli kilikuwa kitambaa cheupe cha pamba, chepesi na laini, ambacho jina lake limetoka Bara Hindi pamoja na kitambaa chenyewe. Bafta ni pamba nyeupe pia, na jina hilo ni la Kiajemi lenye maana ya kitu kilichofumwa. Shashi ndiyo iliyokuwa nyembamba kuliko zote, na jina lake ni la Kiarabu. Leo neno hilo limehamia zaidi kwenye karatasi, na tunaposema karatasi ya shashi tunakusudia ile nyororo inayochanika kwa pumzi, ambayo haifanani hata kidogo na karatasi ya ofisini yenye uzito wa gramu 80 kwa kila mita moja ya mraba.

Upande wa pili wa mizani walikuwa na kaniki na marekani. Hilo la pili linafaa kukumbukwa, kwa sababu ni nchi nzima iliyogeuka kuwa jina la kitambaa. Marekani ni pamba nzito isiyotiwa rangi, iliyoletwa Unguja katika karne ya 19 na wafanyabiashara wa mji wa Salem, jimbo la Massachusetts. Ilipendwa sana bara kwa sababu ilikuwa ngumu na ilidumu, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko kwao vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipoikata, vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vikachukua nafasi yake. Jina likabaki. Mtu aliyeagiza marekani hakuletewa melimeli kwa makosa, wala aliyeagiza shashi hakuletewa turubai. Ninyi mafundi wa leo mna shifoni, nailoni na lesi, na nawasihi muyatumie majina hayo bila haya, kwa kuwa jina la kitambaa linamaliza ubishi ambao sifa tatu haziwezi kuumaliza.

SWALI: Mhariri, ninaandika mapishi kwa ajili ya kikundi chetu cha akina mama. Niliandika "uji mwembamba" na mama mmoja akanicheka. Tena amegundua kwamba katika mapishi ya chakula kimoja nimelitumia neno "laini" mara saba. Nisaidie. (Mpishi, Mombasa)

JIBU: Dada yangu, huyo mama ana haki kuhusu uji, ingawa kukucheka hakukuwa lazima. Uji hauna pande, kwa hiyo hauwezi kuwa mwembamba wala mnene. Kitu chochote cha majimaji hupimwa kwa uzito wa mwendo wake: uji ni mwepesi au mzito, mchuzi ni mwepesi au mzito, na tui la kwanza ni zito ilhali tui la pili, lile linalokamuliwa baada ya kutia maji kwenye machicha, ni jepesi. Rojo la chapati za maji linapaswa kuwa jepesi ili litandae lenyewe kwenye kikaango, na chapati yenyewe ikiisha kuiva ndiyo inayokuwa nyembamba, kwa sababu sasa ina umbo. Tazama jinsi neno lilivyobadilika katika chakula kilekile, mara tu unga na maji vilipogeuka kuwa kitu cha kushikika. Maji nayo yana nafasi moja ya kuitwa membamba kwa kupitia umbo lake: mchirizi wa maji unaweza kuwa mwembamba.

Chai na rangi usiziite nyepesi. Chai yenye majani machache haijakolea, na nyekundu isiyo kali ni nyekundu isiyokolea. Kukolea ni kitenzi kizuri mno, kinachofaa kwa chumvi, sukari, rangi na hata mapenzi, na sioni kwa nini tukiache.

Sasa tuzijie hizo laini saba. Unga uliosagwa na kuchekechwa vizuri ni laini, na hapo huna neno bora zaidi. Nyama iliyopikwa hadi ikakatika kwa kijiko ni teketeke, na vivyo hivyo nyama ya dafu changa, papai lililoiva na utosi wa mtoto mchanga: vyote hivyo huingia ndani ukivibonyeza, na hicho ndicho kiini cha teketeke. Mboga za majani zilizochumwa mapema ni changa. Mchicha uliokaa juani ukalegea si laini bali umenyauka, au umetepeta. Vileja havilainiki, bali humumunyika mdomoni. Manda za sambusa zinatakiwa ziwe nyembamba, na zikikaangwa zinatakiwa zikauke na kuvunjika kwa sauti. Ukirudi kwenye mapishi yako utaona kwamba laini mbili, au pengine tatu, zinatosha.

SWALI: Tunapokea vifurushi vya kusafirishwa kwa basi. Kwenye boksi lenye vyombo vya kioo mimi huandika "VITU DHAIFU", na mwenzangu huandika "VITU LAINI". Wapakiaji wanavirusha vyote. Tuandike nini? (Karani wa vifurushi, Morogoro)

JIBU: Andikeni "VINAVUNJIKA". Neno dhaifu humfaa mtu, mnyama, hoja au serikali, kwani linasema juu ya nguvu zilizopungua, na glasi haikupata kuwa na nguvu ikazipoteza. Neno laini linamwambia mpakiaji kinyume cha mnachotaka, kwa sababu godoro ni laini na ukilirusha halidhuriki. Kiswahili hupenda kuieleza hatari ya kitu kwa kitenzi chenye kiambishi cha -ik- au -ek-: kinavunjika, kinachanika, kinamwagika. Katika maandishi marefu mnaweza pia kusema kwamba kitu fulani ni chepesi kuvunjika, kama tunavyomwita mtu mwepesi wa kusahau au mwepesi wa hasira, lakini ubavuni mwa boksi neno moja lenye herufi kubwa linatosha. Chini yake ongezeni "BEBA KWA UANGALIFU".

SWALI: Mimi ni mwandishi wa habari. Kila siku tunaandika "hali ni tete" na "suala nyeti". Mhariri wetu mmoja anasema maneno hayo ni sawasawa, na mwingine anasema "tete" si neno la heshima kwa sababu limetoka shambani. Naomba uamuzi. (Mwandishi, Dodoma)

JIBU: Nianze na huyo wa pili. Kutoka shambani si aibu, na katika neno hili ndiko uzuri wake uliko. Nafaka iliyo tete ni ile ambayo punje zake zimekwisha kujitokeza lakini bado hazijakomaa. Ukiibonyeza kwa ukucha, inapasuka. Mkulima anayelitazama shamba lililo katika hatua hiyo hajui kama atavuna, kwa sababu mvua ikikatika wiki mbili tu, au ndege wakishuka, mavuno yote yataharibika, na mambo yakienda vizuri atajaza ghala. Hali tete, basi, ni hali ambayo bado haijaharibika lakini haina ugumu wa kuhimili pigo. Mwandishi wa kwanza aliyelichukua neno hilo shambani akalipeleka kwenye mazungumzo ya amani na kwenye vitanda vya wagonjwa alikuwa na jicho kali, na mimi ninamshukuru.

Kwa sababu hiyohiyo ninasikitika neno hili linapotumiwa ovyo. Timu iliyokwisha kushuka daraja hali yake si tete, imeshuka. Kijiji kilichokwisha kusombwa na mafuriko hakiko katika hali tete, bali kimepata maafa. Tete ni neno la kabla, na likitumiwa baada ya tukio linampumbaza msomaji, ambaye anabaki akidhani kwamba kuna kitu bado kinaweza kuokolewa.

Nyeti ni jambo jingine kabisa. Suala nyeti linaweza kuwa imara kama mwamba, lakini kuligusa kunaumiza watu au kunafichua yasiyofaa kufichuliwa, na ndiyo maana neno hilohilo hutumika kwa sehemu za mwili zinazositiriwa. Mpaka wa nchi mbili zilizoelewana tangu zamani unaweza kuwa suala nyeti, bila ya kuwa tete hata kidogo. Mkataba wa kusitisha mapigano uliotiwa saini jana ni tete, hata kama kila mtu anaruhusiwa kuuzungumza sokoni. Ukitaka kujua uandike lipi, jiulize unachoogopa: ukiogopa kwamba kitu kitavunjika, andika tete, ukiogopa kwamba mtu ataumia au siri itatoka, andika nyeti.

Na pale ambapo hali nzima ni nzuri isipokuwa mahali pamoja tu, huhitaji neno lolote kati ya hayo, kwa sababu wahenga wamekwisha kukufanyia kazi: kamba hukatikia pembamba. Hapo pembamba si kamba yenyewe bali ni mahali kwenye kamba. Kiambishi cha pa- kimelichukua neno la sifa kikaligeuza kuwa mahali unapoweza kuweka kidole. Mwandishi anayeeleza kwamba bajeti ya hospitali inatosha ila fungu la dawa ndilo dogo, amepaonyesha pembamba, na habari yake itasomeka vizuri zaidi kuliko ile inayosema kwamba sekta ya afya ni tete.

SWALI: Assalamu alaikum. Nimezaliwa Muscat kwa wazazi waliotoka Unguja. Kiswahili nimekipata nyumbani na Kiarabu nimekipata shuleni. Nilipokwenda Unguja, shangazi yangu alinipikia chakula cha usiku, nami nikamsifu kwamba chakula chake ni "hafifu", nikikusudia kuwa hakikunielemea tumboni. Alinyamaza, akaondoa sahani, na mpaka leo hanizungumzii kama zamani. Nimekosa nini? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Wa alaikumu salaam, ndugu yangu. Ulichomwambia shangazi, kwa Kiswahili, ni kwamba chakula chake kilikuwa duni. Neno hilo limetoka kwenye Kiarabu, na huko, kama unavyojua wewe kuliko mimi, maana yake ni kitu kisicho na uzito na linaweza kuwa sifa nzuri. Hata mojawapo ya bahari 16 za arudhi ya Kiarabu, yaani mizani za mashairi, imeitwa kwa jina hilo, na hakuna anayeidharau. Lakini neno lilipovuka bahari hii yetu lilikuta kiti kimekaliwa. Kiswahili kilikuwa na -epesi tayari, neno la Kibantu linaloshughulikia uzito, urahisi na kasi, ambalo ndugu yake ni upesi. Mgeni hakuwa na kazi ya kufanya mpaka alipopewa upande mmoja tu wa maana, ule wa upungufu. Ndiyo maana mwanga hafifu ni ule usiotosha kusomea, sauti hafifu ni ile isiyosikika vizuri, na bidhaa hafifu ni ile ambayo mnunuzi atairudisha dukani.

Si maneno yote ya asili hiyo yaliyopatwa na jambo kama hili. Laini limebaki na maana yake ya upole wa mguso. Latifu limebaki na heshima yake, nasi hulitumia kwa mtu mpole mwenye tabia njema. Rahisi lilikuja likiwa na maana ya bei ndogo, likaongezewa maana ya jambo lisilo gumu, hata leo mtu akisema "kitu hiki ni rahisi" unahitaji kujua kama yuko dukani au darasani. Kila neno lina safari yake, na anayezijua lugha mbili kwa pamoja ndiye anayeponzwa zaidi, kwa sababu masikio yake yanasikia maana ya zamani wakati wenzake wanasikia mpya.

Shangazi mpigie simu leo hii. Mwambie: "Shangazi, chakula chako kilikuwa chepesi, kilinishuka vizuri, nikalala usingizi mwanana." Neno mwanana ni la kwetu tangu zamani. Ndilo tunalolitumia kwa upepo usiosumbua na kwa maji yaliyotulia, na ninavyowajua watu wa Unguja, likisikika kutoka kwa kijana wa Muscat litafungua mlango. Kisha mweleze kuhusu Kiarabu chako. Ataelewa, kwani neno lililowakosanisha analijua naye.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Nilimpima mtoto, nikamwambia mama yake kwamba mtoto "amekonda na ni dhaifu". Mama akalia, akasema nimemwambia kuwa hamlishi mwanawe. Nilikuwa nikisema ukweli ulioandikwa kwenye kadi. Ningetumia neno gani? (Muuguzi, Mbeya)

JIBU: Dada, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Wembamba wa mtu una vitenzi na vivumishi vyake, na tofauti yake ni kubwa. Tukisema mtu ni mwembamba tunaeleza umbile lake, na hapana lawama kwa yeyote. Tukisema amekonda tumesema kwamba alikuwa na mwili na sasa hanao, kwa hiyo kuna jambo lililouondoa, na msikilizaji hawezi kujizuia kulitafuta: maradhi, njaa, huzuni, au ndoa mbaya. Kiambishi cha -me- ndicho kinachofanya kazi hiyo yote. Tukisema amedhoofu tumekwenda mbali zaidi, tumegusa nguvu zake. Na maneno ya utani, kama kimbaumbau, au kumfananisha mtu na njiti au na ng'onda, yule samaki aliyeanikwa akakauka, yanafaa kati ya watani na marafiki tu. Mahali pa kazi hayafai kabisa.

Mama aliyekaa mbele yako alisikia amekonda, na mara moja akasikia swali ambalo hukuliuliza. Watu wa kwetu wana neno la hekima kwa wakati kama huo, nalo ni kupungua. Mtu aliyerudi kutoka hospitali huambiwa "umepungua kidogo", na hakuna asiyeelewa, lakini hakuna anayeumia. Kwa mtoto wa kliniki ningekwenda hatua moja zaidi, nikaiondoa sentensi kwenye mwili wa mtoto nikaiweka kwenye mizani: "Mama, uzito wake umepungua tangu mwezi uliopita, tuangalie pamoja sababu." Ukweli wa kadi umebaki palepale bila kufichwa, ila sasa kilichopungua ni uzito, nao unaweza kurudishwa, na neno tuangalie limewaweka ninyi wawili upande mmoja wa meza. Ikiwa hajapungua bali hajaongezeka, sema hivyohivyo: uzito wake haujaongezeka. Neno dhaifu uliache kwenye maandishi ya daktari.

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Mwalimu alitupa methali "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi". Sijawahi kuona kanda wala usufi. Tena niliandika "usufi nyepesi", akanisahihisha. Kwa nini? (Mwanafunzi wa kidato cha 2, Kilosa)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kanda ni mfuko uliosukwa kwa majani ya mkindu au miyaa, mpana chini na mwembamba mdomoni, na zamani ulibeba nafaka na vitu vya safarini. Usufi ni zile nyuzi nyeupe zinazotoka kwenye matunda ya msufi, mti mkubwa ambao matunda yake marefu hukauka, yakapasuka na kumwaga kitu kama pamba. Jina linafanana na sufu, yaani manyoya ya kondoo, kwa sababu asili yake ni moja. Lakini uzi wa usufi ni mrija mtupu, ndani una hewa tu, na nje umepakwa nta ya asili, kwa hiyo haunyonyi maji kama pamba. Ndiyo maana, kabla ya vitu vya viwandani vya leo, usufi ulijazwa ndani ya majaketi ya kuokolea watu baharini, kama ulivyojazwa ndani ya mito na magodoro ya nyumbani.

Sasa lijaze kanda kwa usufi hadi mdomoni. Kwa macho, kanda hilo ni kubwa sawa na kanda la mtama. Aliyelibeba peke yake ndiye anayejua kilichomo. Wewe unayemtazama mwenzio akitoka jasho unaliona kanda la mtama ukadhani limejaa usufi, na hiyo ndiyo maana ya methali: mzigo ulio juu ya kichwa cha mwenzio, kwako wewe unaonekana mwepesi. Mwenzio hapo ni mwenzi wako, mtu wa pamoja nawe, wala si adui, na jambo hilo ndilo linaloifanya methali iume.

Kuhusu sarufi, mwalimu wako yuko sahihi. Usufi uko katika ngeli ya U, ambako tunasema usufi mwepesi, uzi mwembamba, unyoya mwepesi, utando mwembamba. Zikiwa nyingi ndipo tunaposema nyuzi nyembamba na nyoya nyepesi. Ichunguze ngeli hiyo vizuri na utaona jinsi ilivyokusanya vitu virefu na vyembamba: unywele, ukope, utepe, ufito, ukindu, ugwe, ukili. Utando nao umo humo, kutokana na kitenzi kutanda, ambacho kimetupa mtandio wa kichwani na mtandao wa kompyuta, ingawa hivyo viwili vimeondoka kwenye ngeli ya mama yao. Neno laini litakupumzisha, kwani halibadiliki popote: usufi laini, mito laini, kitambaa laini. Usilichanganye tu na laini ya simu, ambayo ni neno jingine, lililotoka kwenye Kiingereza.

Ukimpata bibi mwenye mto wa zamani, mwombe akuchomolee usufi kidogo kwenye mshono. Upulize hewani, utauona ukipeperuka. Utie ndani ya bakuli la maji, utauona ukielea. Viandike vitenzi hivyo viwili kwenye daftari lako, kisha umrudishie bibi usufi wake.